Kisanduku cha Vito cha Mwarobaini na Vinia: Namna ya Kukitengeneza Kistahimili Hewa ya Bahari

Anayetengeneza kisanduku cha vito mjini Mombasa anashughulika na hewa kabla ya kushughulika na mbao. Unyevu wa pwani hauishi mwaka mzima, chumvi ya bahari hula chuma cha kawaida, na mbao iliyokauka vizuri bara huvimba ikishushwa huku. Ndiyo maana visanduku vingi vinavyopendeza siku ya kununuliwa huanza kubanduka vinia, yaani lile tabaka jembamba la mbao linalobandikwa juu kama pambo, baada ya masika moja tu, vifuniko vyao vikipinda na bawaba zikitoa kutu linalochafua mahameli ya ndani. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kutengeneza kisanduku chenye kifuniko cha vinia na bawaba za shaba, chenye urefu wa milimita 260, upana wa milimita 180 na kimo cha milimita 110 hivi, kwa vifaa ambavyo fundi seremala wa kawaida anavyo. Vipimo vyote ni vya milimita, kwa sababu katika kazi ndogo kama hii inchi hupoteza usahihi.

Mbao na vinia

Kwa kuta za kisanduku napendekeza mwarobaini. Mti huu umejaa pwani, hukatwa mara kwa mara katika viwanja vya watu, na mbao yake ya kahawia iliyoiva wekundu inakaribiana kwa sura na mkangazi, ambao ni wa jamaa moja nao. Wadudu hawaupendi. Wachongaji wa vinyago wa Changamwe wamekuwa wakiutumia badala ya mpingo, ambao ulivunwa kupita kiasi na ambao tangu mwaka 2017 biashara yake ya kimataifa iko chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Mvule nao unafaa sana, ila vumbi lake huwasha pua na ngozi, hivyo usiupige msasa bila barakoa.

Mwarobaini una kasoro moja ambayo lazima uijue mapema: nyuzi zake hupishana, mstari huu ukienda kulia na unaofuata kushoto, kwa hiyo randa butu huzing'oa na kuacha mashimo. Noa jembe la randa hadi linyoe, litoe kidogo mno, na umalizie kwa msasa. Kata na uondoe sehemu nyeupe ya nje ya shina, maana hata katika miti ambayo wadudu hawaitaki, sehemu hiyo ndiyo wanayoanzia.

Utahitaji ubao mmoja wa urefu wa mita 1, upana usiopungua milimita 120 na unene wa milimita 12 baada ya kupigwa randa. Katika hewa ya Mombasa, mbao iliyotulia hubaki na maji ya takriban asilimia 14 hadi 16 ya uzito wake mkavu. Ukinunua ubao uliokaushwa bara, au uliotoka kupasuliwa juzi, uweke katika chumba kile kile utakachofanyia kazi kwa wiki mbili au tatu, ukiwa umelazwa juu ya vijiti ili hewa ipite pande zote. Wengi huiruka hatua hii kwa sababu haionekani kuwa ni kazi, kisha wakailaumu gundi.

Vinia inayouzwa madukani huwa na unene wa karibu milimita 0.6. Nunua aina mbili: moja yenye mistari mizuri kwa ajili ya katikati ya kifuniko, na nyingine nyeusi au ya kahawia iliyokolea kwa ajili ya ukingo. Ile ya katikati chukua vipande viwili vilivyofuatana katika bunda, kwa kuwa vimetoka mahali pamoja katika gogo na mistari yao inalingana. Nunua pia vinia ya bei nafuu ya unene ule ule kwa ajili ya upande wa chini wa kifuniko. Kipande cha plaiwudi ya milimita 4 kitatosha kwa paneli ya kifuniko na kwa sakafu ya kisanduku. Ukipata ile inayostahimili maji, ichukue, hata kama bei imezidi kidogo.

Vifaa vingine ni msumeno wa meno madogo, kisanduku cha kukatia pembe ya nyuzi 45, randa, patasi ya milimita 6 na ya milimita 12, guni, rula ya chuma, kisu chenye makali, keekee au drili, jiriwa sita au zaidi, utepe wa karatasi, na msasa wa namba 120, 180, 240 na 320. Gundi iwe ya mbao, ya aina inayostahimili unyevu. Kwenye chupa nyingi huandikwa alama ya D3. Gundi ya mpira inayotumiwa na washona viatu, ingawa hushika papo hapo na mafundi wengi huipenda kwa sababu hiyo, haifai kwa vinia hapa kwetu, kwani joto huilegeza na vinia huanza kutoa malengelenge.

Anza na paneli ya kifuniko

Kawaida ya seremala ni kuunda sanduku kwanza na kulipamba baadaye. Katika kazi hii nenda kinyume, kwa sababu paneli itaingia ndani ya mfereji, na huwezi kujua upana wa mfereji kabla ya kuijua paneli ikiwa imeshabandikwa vinia pande zote mbili.

Kata plaiwudi ya urefu wa milimita 265 na upana wa milimita 185, yaani kubwa kuliko itakavyohitajika. Angalia nyuzi za uso wa plaiwudi zinaelekea wapi, na ukate ili zielekee upande mfupi, kwa kuwa vinia ya katikati itaelekea upande mrefu, na tabaka mbili zinazokatana huzuiana zisitanuke.

Upangaji wa vinia juu ya kifuniko ufikirie kama leso: ina mji katikati, na pindo linaloizunguka pande zote nne. Mji utakuwa na milimita 196 kwa 116, na pindo litaonekana kwa upana wa milimita 20 kila upande.

Kwa mji, chukua vile vipande viwili vilivyofuatana, kigeuze kimoja ili mistari yao itazamane, na uvisogeze hadi uone umbo linalokupendeza likijitokeza kwenye mstari wa katikati. Hapa usiwe na haraka. Milimita chache za kusogeza huweza kubadilisha sura yote ya kifuniko, na jicho lako ndilo litakaloamua. Ukisharidhika, bana vipande vyote viwili kwa pamoja kati ya mbao mbili zilizonyooka, vikitokeza nje kwa unywele tu, na usugue ukingo huo kwa msasa wa namba 180 uliozungushiwa kipande cha mbao hadi uwe sawa na mbao. Vifungue na uviunganishe kwa utepe wa karatasi upande wa uso, ukiuvuta kidogo kukatiza kiungo. Viinue kwenye mwanga wa dirisha; mwanga ukipenya katika kiungo, rudia kusugua, maana ufa usiozibika sasa hautazibika kwa gundi. Kisha kata mji uwe na vipimo vyake kamili, kwa kisu na rula ya chuma, ukipitisha kisu mara kadhaa kwa wepesi badala ya mara moja kwa nguvu.

Vipande vya pindo vikate kwa upana wa milimita 35. Viweke kuzunguka mji, vipandane kwenye pembe, kisha weka rula kutoka pembe ya mji hadi pembe ya nje na ukate vyote viwili kwa pamoja kwa nyuzi 45. Kwa kukata vipande vyote viwili kwa pigo moja la kisu, kiungo hujilinganisha chenyewe hata kama mkono umeyumba kidogo. Funga vyote kwa utepe hadi vinia nzima iwe karatasi moja.

Sasa gundi. Ipake juu ya plaiwudi, si juu ya vinia, kwa sababu vinia ikilowa kabla ya kubanwa hujikunja. Iwe tabaka jembamba lililoenea kila mahali, bila kidimbwi. Laza vinia ya mapambo upande mmoja, geuza, paka, na ulaze vinia nafuu upande wa pili katika kikao hicho hicho. Hili la kubandika pande zote mbili ndilo nguzo ya kazi nzima: vinia ya upande mmoja, ikikauka, huvuta plaiwudi na kuipinda, na kila msimu wa mvua utaipinda tena kwa namna nyingine. Mwenye kutaka kupunguza gharama apunguze kwingine kokote, lakini hapa asipunguze.

Tandika karatasi ya nailoni chini na juu, weka paneli kati ya mbao mbili nene zilizonyooka, na uanze kukaza jiriwa za katikati kabla ya zile za pembeni, ili gundi ya ziada isukumwe nje. Iache usiku kucha. Ukiifungua, isimamishe kwa ukingo wake ili pande zote mbili zipate hewa sawa. Gonga uso wote kwa ukucha. Pakilia kama pana uwazi, vinia haikushika. Pachane kwa wembe kufuata nyuzi, ingiza gundi kidogo kwa bomba la sindano, funika kwa karatasi, pitisha pasi ya vuguvugu, kisha ukandamize kwa uzito.

Lowesha utepe kidogo, ubandue, na upige uso msasa wa namba 180 kwa mkono. Mashine ya msasa iache kabisa, kwa kuwa milimita 0.6 huisha mara moja. Mwisho kata paneli iwe na milimita 243 kwa 163, ukihakikisha mji umebaki katikati, wenye milimita 23.5 za pindo kila upande. Sehemu itakayofichwa na mfereji imeshahesabiwa humo.

Kuta

Kutoka kwenye ubao wako kata vipande vinne kwa kufuatana: cha 260, cha 180, cha 260 na cha 180, vyote vikiwa na kimo cha milimita 113. Ukivikata kwa mpangilio huo mistari ya mbao itazunguka pembe za kisanduku kana kwamba ubao umekunjwa, na pembe moja tu ndiyo itakayokatisha mfuatano; hiyo iweke nyuma. Vitie alama kwa penseli upande wa ndani.

Kabla ya kukata pembe, chimba mifereji miwili upande wa ndani wa kila kipande, yote yenye kina cha milimita 4. Wa chini ukae milimita 6 kutoka ukingo wa chini, uwe na upana wa plaiwudi ya sakafu. Wa juu ukae milimita 6 kutoka ukingo wa juu, na upana wake uupime kwa paneli yenyewe, ambayo sasa itakuwa na unene wa zaidi kidogo ya milimita 5. Paneli iingie kwa kusukumwa na kidole gumba, isihitaji nyundo.

Kata ncha zote kwa nyuzi 45. Vipande vilivyotazamana lazima vilingane kabisa kwa urefu. Viweke ubavu kwa ubavu na ukipata tofauti, rekebisha kirefu kwa randa. Pembe za nyuzi 45 zilizokatwa vizuri zikishindwa kukutana, mara nyingi kosa liko katika urefu wala si katika pembe.

Panga vipande vinne kwa mstari juu ya meza, uso wa nje ukiangalia juu, ncha zikigusana, na uvifunge kwa utepe mpana. Vigeuze vyote kwa pamoja. Paka ncha tabaka jembamba la gundi, ngoja dakika chache zinywe, kisha paka tena, kwa kuwa ncha za mbao hufyonza gundi na kuacha kiungo kikavu. Tia gundi pia katika mifereji: plaiwudi haitanuki kama mbao nzima, kwa hiyo inaweza kugundishwa, na ikigundishwa huimarisha sanduku lote. Ingiza sakafu na paneli, kunja kuta zizunguke, na ufunge pembe ya mwisho kwa utepe. Pima kutoka pembe hadi pembe kwa mkato. Vipimo viwili vikilingana, pembe zote za sanduku zimenyooka kwa nyuzi 90. Visipolingana, libane kwa upole upande wa kipimo kirefu hadi vilingane.

Kiungo cha nyuzi 45 peke yake ni dhaifu. Chora mstari utakaotenganisha kifuniko, milimita 35 kutoka juu, kuzunguka sanduku lote. Kisha katika kila pembe kata kwa msumeno mikato miwili juu ya mstari huo na mitatu chini yake, ikiingia mlalo kwenye pembe bila kutokea ndani, na uchomeke vipande vya vinia nyeusi vilivyopakwa gundi. Mkato wa msumeno mwembamba unalingana karibu kabisa na unene wa vinia. Vikikauka, vikate usawa na ukuta. Vinashika pembe, na kwa jicho vinakuwa pambo.

Kukitenganisha kifuniko

Sanduku sasa limefungwa pande zote. Kata kufuata mstari, kwanza pande mbili ndefu. Chomeka vijiti vyembamba katika mkato ili sanduku lisiubane msumeno, kisha malizia pande fupi. Kwa kuwa kifuniko na sanduku vilikuwa kitu kimoja, mistari ya mbao itaendelea kutoka juu hadi chini, jambo ambalo kifuniko kilichoundwa mbali hakiwezi kulipata. Tia alama ya ndani inayoonyesha mbele ni wapi.

Bandika msasa wa namba 120 juu ya kioo au ubao ulionyooka na usugue midomo yote miwili juu yake, kwa mwendo wa mduara, hadi kifuniko kikae bila kuchezacheza.

Bawaba

Nunua bawaba mbili za shaba ya manjano, za urefu wa milimita 38, ambazo kila bawa lake halizidi upana wa milimita 9, kwa kuwa ukuta wako ni wa milimita 12 tu. Hakikisha ni shaba kweli: ipeleke sumaku. Ikinasa, hicho ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na chumvi ya hewa itakifikia.

Weka bawaba milimita 45 kutoka kila pembe ya nyuma, juu ya mdomo wa sanduku, kifundo chake kikitokeza nje. Chora kuizunguka kwa kisu, wala si kwa penseli, maana patasi huketi ndani ya mkwaruzo wa kisu. Ili kupata kina, funga bawaba hadi mabawa yake yawe sambamba, pima unene wote pale kwenye kifundo, na ugawe kwa mbili. Hicho ndicho kina cha kila kishimo, kimoja kwenye sanduku na kingine kwenye kifuniko. Chimba kwa patasi kidogo kidogo. Kishimo kikizidi kina, kifuniko kitagoma kufunga mbele. Weka kipande cha karatasi ngumu chini ya bawa hadi kitulie.

Skrubu za shaba ni laini na hukatika shingo ndani ya mbao ngumu, na kuitoa iliyokatika ni kuharibu ukuta. Toboa kwanza tundu la milimita 1.5 hadi 2 kulingana na unene wa skrubu, lililo katikati kabisa. Ingiza skrubu ya chuma ya ukubwa ule ule iliyopakwa sabuni au nta, ili ichonge njia. Itoe, ndipo uingize ya shaba. Tia skrubu moja tu kwa kila bawa, funga na ufungue kifuniko, tazama kama kingo zinalingana, na ukiridhika ongeza zilizobaki. Funga pia mnyororo mwembamba wa shaba upande mmoja wa ndani ili kifuniko kisilale nyuma na kung'oa bawaba kwa uzito wake.

Yote hayo yakiwa tayari, fungua bawaba zote na uziweke kando. Vanishi hupakwa bila bawaba.

Vanishi, kisha bitana

Piga msasa wa namba 180 kisha 240, ukifuata nyuzi. Wako wanaopenda sheleki kwa mng'ao wake, na ni kweli hung'aa vizuri, lakini huyeyushwa na spiriti, na kisanduku cha vito hukaa mezani pamoja na marashi. Tone moja la marashi ya kupuliza litaacha doa. Chagua vanishi ya poliyurethini. Tabaka la kwanza liyeyushe kidogo kwa tina ili linyonywe na mbao, kisha paka mawili zaidi, ukipiga msasa wa namba 320 kwa wepesi kati yao. Paka ndani sawa na nje, na upake hata chini ya sakafu, kwa sababu upande uliobaki wazi ndio unyevu utakaoingilia. Fanya kazi hii siku isiyo na mvua, kuanzia saa nne asubuhi unyevu wa alfajiri ukishaondoka, na umalize kabla ya jioni. Siku za kusi funga madirisha yanayopigwa na upepo, usije ukaleta vumbi.

Acha kisanduku wazi kwa wiki moja au mbili hadi harufu ya vanishi iishe ndipo utie bitana. Kata karatasi ngumu za kila ukuta na sakafu, ndogo kwa milimita 1 kila upande, zivishe mahameli ya pamba, na ugundishe kingo za kitambaa kwa nyuma tu. Epuka sufu, sponji ya mpira na gundi ya mpira, kwani huweza kutoa salfa ambayo huifanya fedha iwe nyeusi. Mahali pa pete tengeneza misokoto ya mahameli iliyojazwa pamba, iliyobanana kiasi cha kushika pete. Vipini na vipuli hupotea katika nafasi kubwa, hivyo vigawie vyumba vidogo kwa vijibao vya milimita 4 vilivyokatwa nusu kwa nusu na kupachikana. Mikufu iachie chumba kirefu ilale bila kukunjwa, na bangili zipate upande wenye kina.

Rudisha bawaba, kaza skrubu kwa mkono, na uweke kifuko kimoja cha silika, yaani chembe zinazofyonza unyevu, chini ya mgawanyo wa ndani. Kifuko hicho kibadilishwe masika yakianza, na bawaba zifutwe kwa kitambaa kikavu kila mara kisanduku kinapofutwa vumbi.